Mkaguzi amekataa meinswichi ya nyumba ya urithi, naombeni ushauri

Mrithi_Tanga: Wakuu, habari za jioni. Nyumba ya urithi hapa Tanga, marehemu baba aliijenga 1968. Nimeomba mita ya pili ya LUKU kwa vyumba vya uani. Mkaguzi kafungua meinswichi, kaitazama, kaifunga. Anasema hapitishi: fyuzi ni zile za kufunga waya, erthi (njia ya kupeleka ardhini umeme unaovuja) haisomi, nyaya za darini mpira wake unamung'unyuka. Boksi limefanya kazi miaka zaidi ya hamsini. Ana haki ya kunikatalia? Silali vizuri.

Kishada: Huyo anatafuta ya soda. Mpe elfu ishirini uone kama boksi halijapona.

Voti230: Usimsikilize huyo. Nyumba nyingi za zamani erthi yake ilifungwa kwenye bomba la maji la chuma. Siku lilipowekwa bomba la plastiki, erthi ikabaki jina. Fuata ule waya wa kijani uone unaishia wapi. Halafu niambie, fyuzi ipi inakatika mara kwa mara? Alama nyeupe ni ampea 5, bluu 15, nyekundu 30.

Mrithi_Tanga: Bomba tulibadilisha kweli. Fyuzi hazikatiki.

Mama Zuu: Pole, mwanangu. Mimi nilipanga Magomeni, friji inapiga shoti, tunaifungua kwa kanga. Mwenye nyumba anatuambia vaeni ndala. Mtoto wangu wa miaka minne akaishika ametoka kuoga, mwili umelowa. Alipona, alhamdulillahi, lakini nilihama wiki ile ile na kodi yangu ikapotelea huko.

Mzee wa Ngamiani: Baba yako alijenga kwa taa nne na redio. Wewe unajaza wapangaji hadi uani. Ndugu zako wameridhia? Hilo ndilo la kwanza.

Mrithi_Tanga: Shikamoo mzee. Wameridhia.

Voti230: Nyaya za 1968, wapangaji, na fyuzi hazikatiki? Humo ndani umefunga waya gani?

Mrithi_Tanga: Basi niseme. Mpangaji wa mbele alifunga hita ya bafuni. Asubuhi wakiwasha hita na birika, fyuzi ya bluu inakatika. Nikafunga waya mnene wa shaba. Haijakatika tena, ila boksi linapata joto na jioni kuna harufu. Lakini fundi wangu ataweka boksi jipya la sakitibreka juu ya nyaya zilezile, mkaguzi akija anakuta kipya. Nimeshampa kianzio, laki na nusu. Ni mtu wa kwetu. Waya nyumba nzima sina uwezo.

Voti230: Hita ya wati 5,500 kwa volti 230 inavuta karibu ampea 24. Fyuzi huwekwa ili ife yenyewe kwanza. Ukiifanya ngumu, kinachoungua ni waya wa darini, juu ya mbao. Boksi jipya haliponyi mpira uliopasuka. Ing'oe hiyo fyuzi leo. Kisha chimbia nondo ya erthi, weka breka inayokata umeme ukivuja miliampea 30, hita ipate waya wake wa milimita 6 za mraba. Nyaya nyingine badilisha chumba kwa chumba. Na huyo fundi muulize leseni ya EWURA, mamlaka ya nishati na maji.

Kijiwe: Wakuu, hii chai. Mara fyuzi hazikatiki, mara hita, mara harufu. Na Voti230 ana jibu la kila kitu. Fundi mmoja, akaunti mbili, anatafuta wateja. Weka picha.

Kishada: Nilikuwa nashangaa! Uzi ufungwe.

Voti230: Mimi niko Mwanza. Wateja wa Tanga nitawafikiaje?

Mama Zuu: Hata kama katunga, harufu hiyo naijua. Humo ndani mna watoto?

Mrithi_Tanga: Wanne, wawili wangu. Picha siweki, mpangaji naye yumo humu. Nimeing'oa ile fyuzi sasa hivi. Kishikio chake cha kauri kimekuwa cheusi upande mmoja, bado cha moto. Mpangaji ameshagonga kuuliza maji ya kuoga. Fundi nampigia anirudishie kianzio, hapokei.

Mama Zuu: Mwachie huyo fundi. Fyuzi usiirudishe.