Mrejesho: Rangi ya kupuliza kwenye fremu ya baiskeli

Wakuu, mwezi uliopita niliuliza kwa nini rangi ya kopo niliyopuliza kwenye baiskeli ya dogo ilichuruzika kisha ikabanduka kama ganda la kitunguu. Nimerudi.

Niliikwangua yote kama mlivyosema: msasa namba 120, halafu 400, nikafuta kwa thina. Praima, yaani rangi ya chini ya kushikisha, sikuiruka safari hii. Kopo nilitikisa dakika mbili nzima tangu gololi ya ndani yake ilipoanza kugonga, nikapuliza kwa umbali wa sentimita 25 hivi, mikono (matabaka) mitatu myepesi, nikipumzisha robo saa kila mara. Imeshika vizuri. Ila chini ya siti niling'ang'ania kuziba kadoa, pakalia machozi, yaani rangi ikachuruzika. Pupa yangu hiyo.

Nilifanyia uani, mbali na jiko la mkaa. Aliyesema barakoa ya kitambaa haizuii mvuke wa rangi, nilimpuuza. Kichwa kiliniuma hadi jioni. Nanunua ya vichujio vya kaboni.

Ule ujanja wa kupindua kopo na kupuliza hadi itoke gesi tupu umeokoa pua yake ya kupulizia, bado halijaziba. Asanteni sana.