Nyumba ya urithi Mji Mkongwe: tuigawe fleti za familia, tumpe mwekezaji, au tuuze?

BintiMalindi
Assalaam alaykum. Tuna nyumba ya babu Mji Mkongwe, ghorofa mbili, imo kwenye orodha ya majengo ya kuhifadhiwa. Bati linavuja, na chumba cha juu boriti tatu zimeshapinda. Njia ni tatu. Kwanza, tuigawe fleti nne au tano tupangishe familia, tukikaa na watu wa mtaa kushauriana. Pili, kuna mtu anataka kuikodi miaka mingi aifanye hoteli, matengenezo juu yake. Tatu, tuuze tugawane. Wenzangu wanataka jibu kabla ya Ramadhani. Mliopitia haya, mngechagua ipi?

MzeeWaForodhani
Waalaykum salaam mwanangu. Huwezi kupata jibu kwa maelezo haya. Hati ina jina la nani? Mirathi imeshapita mahakama ya Kadhi? Ni mali yenu au ni wakfu? Iko daraja gani kwenye orodha? Na ndani anakaa nani sasa hivi?

Fundi_Chokaa
Kabla ya fleti au hoteli, zungumzeni maji. Nyumba hizo zilijengwa na choo kimoja au viwili. Ukiweka fleti tano una vyoo vitano na majiko matano, juu ya kuta za mawe ya matumbawe na chokaa na sakafu za boriti za mikoko. Boriti huanza kuoza kwenye ncha iliyoingia ukutani, pale usipopaona. Chukua msumari mrefu uichome pale inapoingilia. Ukizama urefu wa kidole, hiyo imekwisha, hata kama katikati ni ngumu kama chuma.
Vyoo vipangwe juu kwa juu, upande mmoja, na mabomba yapite wazi upande wa uani ili yakivuja yaonekane siku hiyo hiyo. Na upana wa vyumba msiuguse. Boriti ndiyo iliyoamua chumba kiwe mita tatu au pungufu, na ukibomoa ukuta wa kati upate sebule kubwa, sakafu ya juu imekosa pa kukaa.

Shangani77
Mimi nasema mwekezaji. Beit al-Ajaib ni jengo la Sultan Barghash la 1883, lina serikali nyuma yake, na bado upande mmoja ulianguka Desemba 2020 likiwa kwenye matengenezo, watu wawili wakafariki. Warithi wa kuchangishana mtaweza wapi?

Mkunazini_Dada
Kaka Shangani, kila nyumba ikiwa hoteli huo mji utakuwa wa nani? UNESCO waliuandika mwaka 2000 kama mji wenye watu ndani yake. Mtaani kwetu jioni nyumba nne hazina mtoto hata mmoja. Msikiti una safu moja na nusu.

KibokoniMvita
Dada BintiMalindi, nakuomba usome haya yote. Sisi tulikuwa na nyumba Mji wa Kale, Mombasa. Tukaamua kuigawa vyumba vya kupangisha. Mkandarasi akatwambia chokaa ni mambo ya kale. Akabandua plasta yote, akapiga saruji ndani na nje, juu akamwaga zege na kupandisha matangi mawili ya maji. Kibali tulichokuwa nacho kilikuwa cha kuziba nyufa na kupaka rangi tu, na sisi twajua.
Masika ya kwanza kuta zikaloa kwa ndani. Ya pili, ukiigonga plasta inalia tupu. Nilibandua kipande kando ya dirisha, jiwe la nyuma limekuwa unga, waweza kulikwangua kwa kucha. Saruji ilikuwa imeufungia unyevu na chumvi ndani. Usiku mmoja pembe ya nyuma ikashuka kichochoroni. Alhamdulillahi hapakuwa na mtu anayepita.
Jirani yetu, mama mjane, alikuwa amekuja mara mbili kutwambia ukuta wake umeanza kuloa. Tukasema ana husuda. Hatukumwita kwenye kikao hata kimoja. Ukuta wake ukachanika toka juu hadi chini. Mpaka leo nikimwona njiani naona haya.

MzeeWaForodhani
Pole sana mwanangu. Ndiyo maana kikao cha mtaa kifanywe kabla ramani haijachorwa. Ukiwaita watu kuwaonyesha ramani iliyokwisha, hapo umewapa taarifa tu. Muiteni sheha, kiongozi wa serikali wa mtaa, waiteni majirani wa kuta zote nne, na Mamlaka ya Mji Mkongwe waijue nyumba mapema. Mamlaka ipo tangu 1985, bila kibali chake hapapigwi nyundo.

Mkunazini_Dada
Na wanawake wakutaneni nao peke yao, baada ya alasiri. Kikao cha barazani wanakaa wanaume. Anayejua maji ya mvua yanaingilia wapi ni anayeyapangusa.

Shangani77
Mapinduzi yalipopita nyumba kubwa ziligawiwa familia sita, saba, hakuna aliyeona bati ni lake. Hizo fleti zenu zitaishia huko. Bora watu waende kwenye majumba kama yale ya Michenzani.

Mkunazini_Dada
Nimelelewa Michenzani. Yale majumba aliyaanzisha Mzee Karume kwa msaada wa Ujerumani Mashariki, na yakawapa watu paa. Lakini bibi yangu ghorofa ya tano alikuwa anapandishiwa maji kwa ndoo. Usiyataje kama hujaishi.

BintiMalindi
Nawashukuru nyote, na mnisamehe sikueleza. Hati bado ina jina la babu. Warithi ni tisa. Ami yetu mkubwa yuko Muscat na hajasaini kitu. Daraja sijui, nitaulizia Jumatatu. Chini zinakaa familia mbili tangu enzi za bibi, na ukumbini kuna kisima ambacho majirani bado wanachota umeme ukikatika. Huyo wa hoteli anataka kukifunika. Leo nilipiga msumari kama alivyosema Fundi: boriti mbili umezama wote.

Fundi_Chokaa
Chini ya hizo mbili wekeni nguzo za kuegemeza wiki hii, msingoje jibu la mtu. Na chokaa anzeni kuiloweka sasa shimoni. Ikikaa miezi ndiyo inalainika kama samli.

MzeeWaForodhani
Hizo familia mbili za chini zilitoa kilemba, yaani pesa ya kuingilia nyumba? Kuna karatasi?

BintiMalindi
Hakuna karatasi. Babu aliwapokea tu. Mmoja wao ndiye aliyemuosha siku aliyofariki.

KibokoniMvita
Basi hao waiteni wa kwanza. Fundi, mchanga wa chokaa mwatumia wa pwani au wa shamba? Huku tunabishana.