Naomba ushauri: Lushoto kwa miguu, wikiendi ndefu tukitokea Dar

chapakazi_tabata

Habari za majukumu wakuu.

Tuko wanne, tunatoka Dar Ijumaa na kurudi Jumatatu, mwanzoni mwa Juni. Lengo ni kutembea kwa miguu, mjini Lushoto na kwenye milima inayouzunguka. Mmoja wetu ni mama wa miaka 61, mkakamavu, ila goti la kulia linamsumbua akishuka ngazi.

Ratiba niliyochora: Jumamosi alfajiri ukingo wa Irente, mchana msitu wa Magamba. Jumapili kijiji cha Mtae, kwenda na kurudi. Jumatatu tuteremke kwa miguu kutoka Irente hadi Mazinde, kijiji cha chini uwandani, tudandie basi la Dar barabara kuu.

Naomba kujua kama inawezekana, viatu gani vinafaa, na kama mwongozaji ni lazima. Nawasilisha.

mlima_haukimbii

Mkuu, sehemu ulizochagua ni nzuri, mpangilio ndio utakaowaumiza.

Anza na hesabu ya mwendo. Sisi wa Dar tumezoea tambarare, kwa hiyo weka kilomita 3 kwa saa, kisha ongeza saa nzima kwa kila mita 400 mnazopanda. Stendi ya Lushoto hadi ukingo wa Irente ni kama kilomita 6 na mwinuko ni wa polepole. Wekeni saa mbili hadi mbili na nusu kwenda, na mama atafika bila shida.

Irente msiende alfajiri. Juni asubuhi ukungu huwa umelala mlimani na mnaweza kufika msione hata mita 50 mbele. Ondokeni mjini saa 6 mchana. Mnashika barabara inayoelekea kusini-magharibi, mnapita shule ya wasioona ya Irente, kisha shamba la kanisa la Kilutheri. Pale shambani wanauza jibini, mkate wa rai na jamu zao wenyewe, kwa hiyo chakula cha mchana msibebe. Kutoka hapo hadi ukingoni imebaki kama kilomita moja na nusu. Saa 10 jioni jua limegeukia upande wa bonde, uwanda wote unaonekana. Saa 10 na robo muwe mmeshageuza, maana saa 12 na nusu ni giza na njia ina mawe yaliyolegea.

Kushuka hadi Mazinde kwa miguu, kwa goti hilo, futa kabisa. Ukingo unadondoka karibu mita 1,000. Kupanda kunachosha mapafu, ukipumzika unapona. Kushuka kunatwanga goti kila hatua, na njiani hakuna pikipiki ya kukuokoa. Mnaanza kwenye baridi mnaishia kwenye joto la mashamba ya mkonge, maji yameisha.

Mtae nayo ni kama kilomita 60 kutoka Lushoto, sehemu kubwa vumbi na kona. Kwenda na kurudi siku moja ni kushinda ndani ya gari. Mtae inataka kulala huko.

bibi_karoti

Naunga mkono aliyetangulia, naongezea la Irente kwa sababu watu hufika pale wakapiga picha bila kujua wanaangalia nini.

Kijiji kilicho chini kabisa ndiyo Mazinde. Makao ya watawala wa Kilindi, ukoo wa kifalme wa Wasambaa, yalikuwa Vuga, juu milimani upande wa Soni. Semboja, mtoto wa mfalme Kimweri ye Nyumbai, yeye alijikita Mazinde kwa sababu misafara ya pwani kwenda bara ilipita hapo chini. Kimweri alipofariki mwaka 1862 na ugomvi wa urithi ukaanza, aliyekaa njiani kwenye biashara ndiye aliyekuwa na bunduki. Ukisimama ukingoni unaona vizuri kwa nini mtu aliacha mlima akafuata uwanda. Reli ya Tanga nayo ilifuata ukanda ule ule: ilifika Mombo mwaka 1905 na kuendelea hadi Moshi.

Mjini kwenyewe, Wajerumani waliuita Wilhelmstal, kwa jina la mfalme wao. Waliupenda kwa hali ya hewa, uko mita 1,400 hivi juu ya usawa wa bahari. Majengo yao yametawanyika na mengine ni ofisi zinazofanya kazi, kwa hiyo ulizeni kabla ya kuelekeza kamera. Wekeni saa mbili za asubuhi ya Jumamosi, mmalizie sokoni.

Vuga mkipata nafasi nendeni, ila msitarajie magofu ya mawe. Mji ule ulijengwa kwa miti, udongo na nyasi.

fundi_soli

Viatu. Wengi wataenda soko la Karume kutafuta buti za mtumba, na zipo nzuri. Ila angalieni soli ya kati, ile laini kama povu iliyo kati ya mpira wa chini na ngozi. Buti ikikaa stoo miaka mingi ile povu inaoza kwa unyevu hata kama kiatu hakijavaliwa. Kwa macho inaonekana mpya. Kunja kiatu kwa nguvu mara kadhaa, kisha bonyeza povu kwa ukucha wa dole gumba. Likirudi, nunua. Ukucha ukiacha shimo, au ukaona unga na vipande vidogo vinadondoka, rudisha. Hicho kitabanduka soli nzima ndani ya saa chache za kutembea, na gundi haisaidii kwa sababu hakuna kitu kigumu cha kushikilia.

Chukua namba inayoacha nafasi ya kidole kimoja nyuma ya kisigino ukiwa umevaa soksi nene. Wakati wa kushuka mguu unasogea mbele, na kiatu kinachobana kinaua kucha. Kateni kucha siku mbili kabla.

Udongo wa kule ni mwekundu na mfinyanzi. Ukilowa unajaza meno ya soli na unabaki unateleza. Beba kijiti, kwangua kila unapoanza mteremko.

Mama apate fimbo mbili. Kipimo: akishika juu, kiwiko kikunje sawasawa kama pembe ya meza. Za kurekebisha urefu, aongeze kiganja kimoja wakati wa kushuka. Na kabla ya safari zoezeni kushuka, siyo kupanda tu. Vilima vya Pugu vinatosha, au ngazi za ghorofa.

chapakazi_tabata

Shukrani sana wakuu, Mazinde na Mtae nimefuta. Sasa Jumapili Magamba. Mwongozaji mnasemaje? Kuna aliyeniambia simu yenye ramani inatosha.

mlima_haukimbii

Kwa Irente inatosha, ni barabara. Magamba ni hifadhi ya mazingira asilia chini ya TFS (Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania), mnaingia kwa kibali na mwongozaji. Malipo ni kwa namba ya malipo ya serikali kupitia simu, kwa hiyo muwe na salio, na kila mtu abebe kitambulisho cha taifa ili mtozwe kiwango cha Mtanzania. Fanyeni hilo Jumamosi asubuhi, msisubiri kufika getini.

Nendeni kwa gari au bodaboda hadi Magamba, mtembee ndani ya msitu, nguvu msizimalizie kwenye lami. Sehemu za juu zinapita mita 2,000. Mbega wanaonekana zaidi asubuhi, wakiwa juu kwenye miti mikubwa wanakula majani. Mkisikia matawi yanatikisika simameni kimya, msifuate.

shamba_darasa

Kwenye ramani ya simu mimi sikubaliani hata nje ya hifadhi. Milimani kule vijia vingi ni vya mashambani, vinahama kila msimu. Ramani inakuonyesha njia, ukifika unakuta karoti. Watu wanakata katikati na wanakanyaga kingo za matuta. Zile nyasi ndefu zilizopandwa ukingoni ndizo zinazoshika udongo. Zikivunjika, mvua inayofuata inachukua tuta. Historia ya matuta kule ni chungu: mradi wa Waingereza ulioanza bonde la Mlalo mwaka 1946 uliwalazimisha watu kuyachimba, na wananchi waliupinga. Leo mkulima anayalinda kwa hiari yake, tumheshimu. Mwongozaji anayejua Kisambaa anawapitisha kwa salamu.

Maji ya vijito msinywe. Kuchemsha kunaua vijidudu, ila dawa ya kupulizia kabichi inabaki. Bebeni lita 2 kila mtu kwa Irente, 3 kwa Magamba.

bibi_karoti

Usafiri: kuna mabasi ya moja kwa moja asubuhi kutoka Mbezi. Mkipanda la Moshi au Arusha mtashuka Mombo, kisha gari dogo, kilomita 33 za kona kupitia Soni. Anayetapika safarini ameze dawa mkifika Korogwe, akingoja Mombo amechelewa. Msitembee kwa miguu barabara hiyo, ni nyembamba na pembeni hakuna pa kukanyaga. Na mbebe masweta ya kweli, Juni usiku nyuzijoto hushuka hadi karibu 10.

chapakazi_tabata

Je, mvua ikitukuta Jumapili?

mlima_haukimbii

Juni masika yameisha, ila upande wa Magamba unapokea unyevu wa baharini na manyunyu hayakosi. Yakiwa manyunyu, ingieni msituni na makoti ya mvua. Ikiwa mvua kubwa tangu usiku, mwambieni mwongozaji mapema, mbadilishe mteremkie Soni kwa gari mkaone maporomoko ya maji. Yanaonekana kutoka barabarani, mama hahitaji kushuka hata hatua moja.