Tupeane uzoefu: kuomba viza ya Schengen kwa pasipoti ya Tanzania

Wakuu, salaam. Kila mara naona mtu anauliza, "Benki iwe na shilingi ngapi ndiyo nipewe viza ya Ulaya?" Swali hilo linawaumiza watu wengi. Waliopata na walionyimwa, tusimulieni yaliyowakuta.

Schengen ni kundi la nchi za Ulaya zinazotumia viza moja ya pamoja. Mimi niliomba ya matembezi, Italia na Ufaransa. Unaomba kwa nchi utakayokaa siku nyingi zaidi. Siku zikilingana, ile utakayoingilia. Kwangu ilikuwa Italia. Ada ni yuro 90 tangu Juni 2024, na ukinyimwa hairudi. Bima ya safari isipungue yuro 30,000. Maombi yanapokelewa miezi sita kabla ya safari, mwisho siku 15 kabla, ila msisubiri huko mwisho, maana majibu yanaweza kuchukua hadi siku 45.

Kilichonibeba, naamini, ni karatasi kukubaliana. Barua ya mwajiri ilitaja tarehe za likizo, na tarehe hizo hizo zilikuwa kwenye bima, hoteli na ndege. Mshahara uliotajwa kwenye barua ndio unaoonekana ukiingia benki kila mwezi. Anayesoma faili hakujui, hana mwingine wa kumuuliza.

Mdau wa Kariakoo: Mkuu, mimi nina duka, na hela yangu inazunguka kwenye simu na mkononi, benki pakavu. Kaka akaniwekea milioni kumi wiki moja kabla ya miadi. Nikanyimwa. Ile barua yao ni fomu yenye visanduku. Kwangu walitia alama kwamba wana shaka kama nitaondoka viza ikiisha. Iliniuma sana, nina mke, watoto na duka hapa! Lakini nilipotulia nikajiuliza: ndani ya faili hilo duka liko wapi? Halikuwepo. Mara ya pili nilipeleka leseni ya biashara, TIN, karatasi za kodi za TRA, taarifa ya M-Pesa na ya benki ya miezi sita, na barua fupi inayoeleza mauzo yanavyoingia. Hela ilikuwa pungufu kuliko mara ya kwanza, na viza nikapewa.

Mwanzisha mada: Pole na hongera, mkuu. Wenye biashara someni hapo mara mbili. Fedha iliyoingia ghafla bila maelezo inazua maswali kuliko salio dogo lenye historia.

Mama wa Moshi: Wanangu, mimi nilikwenda Ujerumani kumwona binti yangu alipojifungua. Yeye alikwenda ofisi ya wageni ya mji wake akasaini hati ya kubeba gharama zangu, wenyewe wanaiita Verpflichtungserklärung. Akaituma yenyewe halisi. Nami nikaambatisha cheti chake cha kuzaliwa, kuonyesha ni mwanangu, pensheni yangu na hati ya shamba. Nilimbeba mjukuu, nikarudi kabla ya mvua za masika.

Mdau wa Kariakoo: Shikamoo mama. Hongera kwa mjukuu.

Mama wa Moshi: Marahaba, baba.

Msafiri wa Mwanza: Jamani, vishoka. Rafiki yangu alimlipa mmoja "amtengenezee" taarifa ya benki. Ikagundulika ya kughushi. Maombi yanatunzwa kwenye mfumo wa pamoja hadi miaka mitano, kwa hiyo ukikimbilia ubalozi wa nchi nyingine ya Schengen wanaliona lile la kwanza. Mwenzetu bado anahangaika, na kishoka simu hapokei.

Mwanzisha mada: Hili linanikera kupita maelezo, kwa sababu fomu ni ya bure na karatasi ni zako mwenyewe. Ukinyimwa una haki ya kukata rufaa, utaratibu na muda wake umo kwenye barua ile ile. Kama kweli kuna karatasi ilikosekana, mara nyingi kuomba upya ukiwa umejaza pengo ndiyo njia fupi.

Mgeni: Wakuu, nikate tiketi kabisa kabla ya kwenda?

Msafiri wa Mwanza: Usilipe, ndugu. Wanataka uhifadhi wa nafasi, kwenda na kurudi. Hata hoteli tafuta zinazoruhusu kughairi bila kukatwa. Ila usighairi kabla hujajibiwa, wanaweza kupiga simu hotelini kuhakikisha.