Mjadala: Je, Charles Hornig alikuwa mwasisi, au alikuwa chombo cha Gernsback?

Imedaiwa katika mjadala huu kwamba Charles D. Hornig hastahili kuhesabiwa miongoni mwa waasisi wa ushabiki wa hadithi za kisayansi nchini Marekani, kwa kuwa alikuwa kijana wa miaka 17 tu aliyekalishwa kwenye kiti cha uhariri na mchapishaji Hugo Gernsback mwaka 1933 ili awavutie wasomaji. Kwa heshima zote, ndugu zangu, naipinga hoja hiyo.

Gernsback hakumwokota njiani. Kijana huyo wa New Jersey alikuwa ameanzisha jarida lake mwenyewe, The Fantasy Fan, na nakala aliyompelekea Gernsback ndiyo iliyompatia uhariri wa Wonder Stories, jarida la hadithi za kisayansi la Gernsback. Angeweza kulitupa jarida lake dogo siku hiyohiyo. Badala yake aliliendesha sambamba na ajira yake mpya hadi Februari 1935, likafikisha matoleo 18, na humo H. P. Lovecraft, mwandishi wa hadithi za kutisha, akachapisha kwa mfululizo makala yake ndefu kuhusu fasihi ya kutisha, ambayo ilikatikia katikati jarida lilipofungwa.

Tazameni safu moja tu ya The Fantasy Fan, The Boiling Point. Katika toleo la kwanza kabisa, la Septemba 1933, msomaji Forrest J Ackerman, aliyekuwa na miaka 16, aliishambulia hadithi ya mwandishi Clark Ashton Smith iliyotoka katika Wonder Stories, akishikilia kwamba hadithi ya kutisha haina nafasi katika jarida la hadithi za kisayansi. Smith alijibu, Lovecraft akamtetea rafiki yake, na ubishi ukaendelea hadi mwaka uliofuata. Kwangu mimi, ushabiki huanza hapo hasa: msomaji anapojibiwa hadharani, na mwandishi wa miaka 40 anapolazimika kumkabili kijana kwa hoja.

Nakubali kwamba Science Fiction League, ligi ya mashabiki iliyoanzishwa mwaka 1934, ilikuwa mradi wa Gernsback, na kwamba shabiki na mwandishi Donald Wollheim, aliyekuwa akidai malipo ya hadithi yake, alifukuzwa humo mwaka 1935. Hornig alifanya kazi katika ofisi hiyo, na simsafishi. Lakini fedha zilikuwa mikononi mwa mwenye kampuni.

Anayesema kwamba ligi ndiyo iliyowazaa mashabiki na atueleze: wale waliokuwa wakibishana katika kurasa za Hornig miezi kadhaa kabla ligi haijatangazwa, tuwaite nani?