Mjadala: Albamu ya laivu iliyorekebishwa studio, je, bado tuiite ya laivu?

MLETA MADA

Ndugu zangu wapenzi wa roki, kuna mwenzetu ambaye kwa muda mrefu amekuwa akisikiliza albamu za studio peke yake, na sasa ameomba tumpendekezee albamu za laivu zitakazomwonyesha kwa nini wengine wetu tunazithamini kiasi hiki. Pendekezo la kwanza alilopewa lilikuwa Live and Dangerous ya Thin Lizzy, iliyotoka mwaka 1978, na aliyelitoa akaongeza kwamba hakuna haja ya kuuliza ilirekodiwa vipi, maadamu inasikika vizuri. Pendekezo lenyewe sina ugomvi nalo. Hiyo nyongeza ndiyo ninayoipinga, na ndiyo ninayoileta hapa tuijadili.

Wanaoifahamu albamu hiyo wanajua kwamba mtayarishaji wake, Tony Visconti, alisema takriban asilimia 75 yake ilirekodiwa upya studio, ilhali upande wa bendi ulishikilia kwamba asilimia 75 ndiyo ya jukwaani. Wala Thin Lizzy hawako peke yao. Alive! ya Kiss, ya mwaka 1975, iliyoinyanyua bendi hiyo wakati ambapo mauzo yake ya santuri yalikuwa duni, ilifanyiwa marekebisho mengi baada ya maonyesho kwisha. Rob Halford wa Judas Priest alilazimika kuimba upya sauti zake kwa ajili ya Unleashed in the East ya mwaka 1979. Rolling Stones walifika mbali zaidi mwaka 1966, kwani kwenye Got Live If You Want It! ziliwekwa nyimbo mbili za studio, kisha zikafunikwa kwa kelele za mashabiki ili zionekane kuwa zilipigwa ukumbini.

Msimamo wangu ni huu. Kinachotufanya tutafute albamu ya laivu ni kusikia wanamuziki wakisikilizana. Mpiga ngoma anasikia gitaa limegeukia upande asioutarajia, naye anageuka nalo. Mwimbaji anachelewesha neno, na besi inamngoja. Sehemu iliyorekodiwa wiki kadhaa baadaye studio haikusikiwa na yeyote aliyekuwa jukwaani usiku ule, na kwa sababu hiyo, hata ikipigwa kwa ufundi wa hali ya juu, hakuna aliyeijibu. Msikilizaji anayeanza ana haki ya kujua kama anachosikia ni majibizano ya kweli au ni sauti zilizokutana kwenye mashine.

Kwa kuwa si vyema kupinga pendekezo la mwenzako bila kutoa lako, naanza na Live at Leeds ya The Who, iliyorekodiwa tarehe 14 Februari 1970 katika bwalo la Chuo Kikuu cha Leeds, Uingereza. Toleo la kwanza lilikuwa na nyimbo sita tu, ndani ya jalada la rangi ya kaki lililopigwa jina la bendi kwa mtindo wa mhuri, mfano wa santuri za magendo za wakati ule, zilizouzwa bila idhini ya wanamuziki. Utepe ulikuwa na milio ya kukwaruza iliyotokana na hitilafu ya kurekodi, na kwenye lebo ya santuri wakaandika kwa mkono kwamba milio hiyo iachwe kama ilivyo, isirekebishwe. Nawaheshimu sana kwa hatua hiyo. Ukisikiliza My Generation, ambayo hapo inaendelea kwa takriban dakika 15, utamsikia Pete Townshend akisimamisha gitaa ghafla, kimya kinaingia, kisha anaanza mdundo mwingine kabisa, na mpiga ngoma Keith Moon yuko naye tangu pigo la pili au la tatu.

MCHANGIAJI WA KWANZA

Nakushukuru, mleta mada, kwa kuiweka hoja wazi, lakini naona umeijenga juu ya dhana kwamba utepe unahifadhi kile kilichotokea ukumbini. Hauhifadhi. Maikrofoni iliyo mbele ya ngoma inasikia ngoma kwa namna ambayo hakuna shabiki aliyezisikia, na ile iliyo mdomoni mwa mwimbaji inanasa pumzi na mikwaruzo ambayo ukumbini humezwa na ukubwa wa sauti. Mtu aliyesimama mbele ya jukwaa anaona jasho, anahisi besi kifuani na amezungukwa na maelfu wanaoimba pamoja naye. Mambo hayo yote humsamehesha mwimbaji noti iliyopotoka. Ukimpa msikilizaji wa nyumbani noti ile ile iliyopotoka bila vingine vyote, umempa kitu pungufu kuliko alichopata shabiki wa ukumbini. Anayerekebisha noti hiyo studio anajaribu kurudisha hisia iliyokuwapo, na kwa maana hiyo yeye ndiye mkweli zaidi.

Pia, mbona unanyamazia uchaguzi? Karibu kila albamu unayoisifu imetokana na mtu kukaa na kanda za usiku kadhaa, akachukua wimbo huu wa usiku wa kwanza na ule wa usiku wa tatu. At Fillmore East ya Allman Brothers Band, ambayo wengi wanaiona kuwa albamu kuu ya laivu ya roki, imetokana na maonyesho zaidi ya moja ya Machi 1971 jijini New York, na mtayarishaji Tom Dowd alikata baadhi ya sehemu za mpiga kinanda cha mdomo alizoona hazikai vizuri. Onyesho lenye mpangilio ule halikuwahi kupigwa mbele ya mtu yeyote. Kama kukata kunaruhusiwa, kwa nini kuongeza kuwe dhambi?

Zaidi ya hayo, Europe '72 ya Grateful Dead ina sauti nyingi za uimbaji zilizorudiwa baada ya ziara, na bado mashabiki wa bendi hiyo, ambao ni wakali kuliko wote katika mambo ya kurekodi maonyesho, wanaipenda. Kizuri chajiuza. Mwenzetu apewe Live and Dangerous, asikilize magitaa mawili ya Scott Gorham na Brian Robertson yakienda sambamba, halafu aamue kwa masikio yake.

MLETA MADA

Ndugu mchangiaji, hoja yako ya maikrofoni ni nzito na siipuuzi, ila inathibitisha jambo dogo kuliko ulilokusudia. Ni kweli kwamba utepe si ukumbi. Hata hivyo, kuna tofauti kati ya kuchagua jinsi ya kusikilizisha tukio na kulitengeneza tukio lenyewe. Dowd alipokata sehemu za kinanda cha mdomo alipunguza; kilichobaki kilipigwa na watu waliokuwa wakisikilizana wakati ule ule, na hakuna aliyerudi studio kuongeza chochote.

Kwa kuwa umeitaja albamu hiyo, niruhusu nikae nayo kidogo, maana ndiyo inayoeleza hoja yangu kuliko zote. Whipping Post inajaza upande mzima wa santuri, karibu dakika 23. Kabla haijaanza, shabiki mmoja anasikika akiupigia kelele wimbo huo kwa jina, kisha Berry Oakley anaingia peke yake na besi, katika mdundo wa mapigo 11 unaomfanya msikilizaji mgeni ahisi kwamba kuna pigo limerukwa. Gitaa la Duane Allman linafuata, halafu la Dickey Betts, na nyuma yao kuna wapiga ngoma wawili, Butch Trucks na Jaimoe. Karibu na katikati, wimbo unapungua hadi karibu kusimama. Mdundo unaachwa, Betts anapiga noti moja moja kama anayetafuta njia, na unawasikia wengine wakimngoja: besi inajaribu jambo, inaliacha, sahani ya ngoma inaguswa kidogo tu, mpaka wote wanakubaliana waelekee wapi bila neno kutamkwa. Sasa fikiria gitaa hilo lingerekodiwa upya miezi miwili baadaye, pengine kwa usahihi zaidi. Kungoja kule kungebaki kwenye utepe, lakini anayengojewa asingekuwapo. Duane Allman alifariki dunia Oktoba mwaka huo huo wa 1971, akiwa na umri wa miaka 24, na alichoacha jukwaani ndicho hicho tulicho nacho.

Kuhusu Grateful Dead, nakubali mfano wako, na nadhani unaonyesha mpaka ulipo. Kilichorudiwa zaidi pale ni uimbaji, na kwa bendi ile majibizano yalikuwa kwenye vyombo, ambavyo kwa sehemu kubwa waliviacha. Kinachonipa taabu ni pale sehemu inayobadilishwa inapokuwa ndiyo ile ambayo wengine walikuwa wakiifuata.

MCHANGIAJI WA PILI

Nimewafuatilia nyote wawili na ningependa kuongeza mfano ambao sijui mtauweka upande gani. Usiku uliofuata lile onyesho la Leeds, The Who walipiga katika mji wa Hull, na onyesho hilo nalo lilirekodiwa, isipokuwa besi ya John Entwistle haikuingia kwenye utepe katika nyimbo kadhaa za mwanzo. Kwa miaka mingi iliaminika kwamba kanda hizo hazifai kitu. Zilipotolewa mwaka 2010, mafundi walichukua besi aliyopiga Leeds, wakaipandikiza kwenye nyimbo hizo za Hull, na ikakaa. Mpigaji ni yule yule, bendi ni ile ile, nyimbo ni zile zile, tofauti ni siku moja; lakini kwa kipimo cha mleta mada, besi hiyo haikusikiwa na yeyote aliyekuwa Hull. Mimi naisikiliza kwa furaha kamili. Naona pia kwamba furaha hiyo inatokana kwa sehemu na kuwa niliambiwa ukweli kabla sijaisikiliza, kwa hiyo pengine suala letu ni la maandishi ya kwenye jalada kuliko la muziki.

Kuna mfano wa kinyume pia, ambao hamkuutaja. Kwenye Rust Never Sleeps ya mwaka 1979, Neil Young alichukua nyimbo alizozirekodi kwa sehemu kubwa jukwaani, akaondoa kelele za mashabiki karibu zote na kuongeza sauti chache studio, na wengi huisikiliza bila kutambua kwamba wako ukumbini. Rolling Stones walibandika mashabiki wasiokuwapo, Young akawafuta waliokuwapo. Simwoni kuwa mdanganyifu, kwa sababu hakuiita ya laivu.

Jambo la mwisho kwa mwenzetu anayeanza: asidhani kwamba laivu maana yake ni kelele. MTV Unplugged in New York ya Nirvana, iliyorekodiwa tarehe 18 Novemba 1993 na kutolewa mwaka uliofuata baada ya kifo cha Kurt Cobain, imejaa magitaa makavu na selo, na nyimbo zake zinafuata mpangilio wa usiku ule. Kabla ya kumalizia mstari wa mwisho wa wimbo wa mwisho, Cobain anasimama, na pumzi yake inasikika. Hakuna studio ambayo ingeona haja ya kuibakiza pumzi hiyo.

MLETA MADA

Mfano wa Hull ni mzuri kuliko yote iliyotolewa hapa, nami naupokea hivi: upandikizaji ule ni halali kwa sababu umetangazwa, na unafaa kwa shabiki ambaye tayari anaijua Leeds. Anayeanza nisingempa Hull kwanza, kwani hapo hawezi kujua ni lini besi inamjibu Moon wa usiku ule na ni lini inamjibu wa jana yake.

Nikirudi kwenye ombi la mwenzetu, napendekeza aanze na At Fillmore East na Live at Leeds, kisha asikilize Made in Japan ya Deep Purple, iliyorekodiwa Agosti 1972 Osaka na Tokyo na fundi wao Martin Birch, bila kuongezwa chochote studio. Mwanzo wa Smoke on the Water humo unatosha kueleza mada yetu. Mpiga gitaa Ritchie Blackmore haanzi na ule mfuatano wa noti ambao kila mtu anaujua. Anauvunja, anausogeza mapigo, anawaacha mashabiki waliokwisha kuanza kupiga makofi wamtafute, ndipo anaurudisha mahali pake. Baada ya hapo asikilize Machine Gun kwenye Band of Gypsys ya Jimi Hendrix, iliyopigwa katika ukumbi wa Fillmore East mwanzoni mwa mwaka 1970, ambamo ngoma za Buddy Miles zinatoa mlio wa risasi na gitaa linanyosha noti moja muda mrefu juu yake. Ya tano iwe ile ya Nirvana, kwa sababu alizozitoa mchangiaji wa pili. Na akipenda kujua roki ilikuwaje kabla ya hayo yote, atafute Live at the Star Club, Hamburg ya Jerry Lee Lewis, ya Aprili 1964: haifiki dakika 40, piano inapigwa kama inataka kuvunjwa, na vijana wa Nashville Teens, bendi iliyompigia usiku ule, wanahangaika kumfikia.

Live and Dangerous naikubali iwe ya saba, kwa sharti kwamba mwenzetu aelezwe mapema kuhusu mgogoro wa asilimia 75. Ningependa mchangiaji wa kwanza atujibu swali moja ambalo bado hajaligusa: kama marekebisho yale yalikuwa ya kurudisha ukweli wa ukumbi, ni nini kingeharibika kwa kuandika nyuma ya jalada ni sehemu zipi zilirekodiwa upya?