Mrejesho: marekebisho ya picha za harusi yamepatikana
Ndugu zangu, niliuliza kwa nini picha za harusi nilizozirekebisha kwa siku 3 zilionekana tena kama zilivyotoka kwenye kamera. Kumbe marekebisho hayakuwa ndani ya picha zenyewe bali katika katalogi, yaani faili ambamo programu ya kurekebishia picha huhifadhi kumbukumbu za marekebisho, nami, baada ya kubadilisha diski, nilifungua katalogi mpya na kuziingiza picha upya. Nashukuru nilionywa nisifute chochote. Nilifungua nakala rudufu ya katalogi ya zamani, nikaielekeza mahali folda ya picha ilikohamia, na kazi ikarudi, isipokuwa picha 12 nilizozigusa baada ya nakala hiyo kutengenezwa. Hizo nimezirudia kwa uchungu. Sasa mabadiliko yanaandikwa pia katika mafaili ya XMP, yaani mafaili madogo ya maelezo ya marekebisho yanayokaa kando ya picha ghafi (zilivyotoka kwenye kamera), na folda nazihamisha kupitia programu yenyewe tu.